Kijaluba Tumboni mwa Ndege

Hasina wa Pongwe alikuwa na kazi ambayo mtaani kwao hakuna aliyeielewa. Kutwa yuko mbele ya kompyuta, anarusha ndege isiyo na rubani ambayo hata haijanyanyuka chini. Walimtania kwamba analipwa kucheza gemu. Hasha! Ndege ile, inayopeleka dawa na damu zahanati ya Amani kule milimani, huongozwa kwa mawimbi, na mawimbi hushikwa na antena iliyo chini ya tumbo lake. Ukiweka chuma au shaba karibu yake, mawimbi yanapotea upande mmoja. Ndiyo maana kila kitu kilirushwa kwanza ndani ya kompyuta, kisha angani. Hasina hakuwa na mzaha katika hilo. Hata stika ya timu ya Coastal Union aliyoibandika Ibrahimu, mwongozaji wa ndege, aliibandua mbele ya macho yake, wakanuniana wiki nzima.

Asubuhi moja masika yalikuwa yamekata barabara ya mlimani. Nesi Beatrisi akapiga simu kutoka Amani: mwalimu Zuleha amejifungua, mtoto mzima, lakini mama anavuja damu haikatiki. Leteni damu upesi. Zuleha huyo ni dada yake Hasina, tumbo moja.

Ndege haijawashwa, mama yao, Bi Kijakazi, akafika mbio, kanga chapachapa, mkononi ana kijaluba cha shaba chenye hirizi.

"Nimetoka kwa maalimu. Kaisomea dua ndege isipotee, irudi salama. Ifunge, mwanangu."

"Mama, haifai. Shaba hii karibu na antena..."

"Mwenzio anakufa nawe wanibishia? Nisije nikakunyima radhi, Hasina!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Moyo wa Hasina ulikataa, mikono ikafunga, kwa uzi mweusi, kando ya antena, maana ndipo palipokuwa na pa kufungia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Anayesikia huvunjika nini, hawakutuambia.

Ndege ikapaa. Roho haikumtulia. Akaketi kwenye kompyuta, akachora kijaluba palepale kilipofungwa, akaiacha mashine ipige hesabu. Ndege ikapita Muheza. Picha ikaja polepole: mawimbi, ambayo siku zote yalikuwa mviringo kama chungwa, sasa yameng'atwa ubavu mmoja. Ni ubavu uleule ambao ndege huuelekeza Pongwe inapokata kona kupanda mlima.

"Ibrahimu! Isikate kona!"

"Imeshakata," alisema Ibrahimu. "Na sasa siipati."

Ndege zile zimefundishwa jambo moja: zikipoteza mawasiliano, zinageuka na kurudi nyumbani. Mawasiliano yalirejea njiani, lakini betri haikutosha tena kupanda mlima. Hasina akatoka nje, akaitazama ikija, ikatua taratibu bila hata mkwaruzo.

Bi Kijakazi akapiga kigelegele. "Si nilikwambia? Imerudi salama, alhamdulillahi!" Alidhani imeshafika Amani.

Hasina alipiga magoti matopeni, akawa anakata ule uzi mweusi ili Ibrahimu abadili betri. Mifuko ya damu ingali tumboni, ya baridi. Simu ikalia.

"Dada Hasina," alisema Beatrisi taratibu, "poleni. Msiirushe tena."

Nyuma ya Hasina, mama alikuwa anaipangusa ndege mvua kwa kanga yake, huku akiisifu.