Mabomba Mawili ya Moshi na Kanga Mbili

Kaka yangu alikata bomba la moshi la gari lake kwa ajili yangu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, mtu asije akadhani namsengenya. Alinipenda, na alitaka siku ninayoolewa vilima vyote kutoka Kasulu mpaka Kibondo vipate habari.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani hata kwa wakati ule, la silinda sita, boneti ndefu, sakafu imeliwa na kutu lakini injini nzima. Alilinunua kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa akihama, na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Mkewe alikuwa akisema yeye ni mke mdogo tu pale nyumbani, mke mkubwa analala bandani. Kasoro moja tu ilimkera kaka: gari lilikuwa na sauti ya chini. "Silinda sita nzima," alikuwa akilalamika, "halafu linanong'ona kama mtu anayekwenda kuomba chumvi."

Wiki ya harusi akalipandisha juu ya magogo, akaingia chini. Sailensa, lile kopo kubwa la katikati linalopunguza kelele, akaling'oa na kulitupa kwenye migomba. Kisha akaugawa moshi: silinda tatu bomba hili, silinda tatu bomba lile. Yalikuwa mabomba ya maji, aliyatoa wapi sijui. Mimi ndiye niliyemshikia, maana mkewe alikataa katakata kujichafua. Nikaona kila kitu. Viungo alivizungushia bati la debe, akavikaza kwa waya, akakandika udongo wa kichuguu. Nikaona pia kwamba mabomba hayakufika nyuma ya gari. Yaliishia chini ya kiti cha nyuma, kwa sababu bomba fupi lina kelele zaidi, na kwa sababu mabomba yenyewe yalikuwa yamemwishia.

"Moshi utakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Utabaki barabarani, dada. Gari linakwenda, moshi unabaki."

"Na hili tundu la sakafuni?"

"Tutatandika mkeka. Wewe kazi yako kuolewa."

Alipoliwasha, kuku wa jirani walirukia paa. Kaka akasimama pale akicheka peke yake, mikono myeusi mpaka viwiko. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Nani hataki kuolewa kwa kishindo?

Safari ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwani miaka ile ya shida ya mafuta Jumapili alasiri magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani. Mbele alikaa kaka kwenye usukani, na pembeni yake sanduku langu la bati na godoro lililokunjwa, pakajaa mpaka kioo cha kutazamia nyuma kikazibwa. Nyuma tulikaa wanawake watatu. Upande mmoja wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyetumwa kutoka Kibondo kuja kunichukua. Upande wa pili shangazi, dada yake baba. Mimi katikati, nimefunikwa kanga mbili kutoka kichwani mpaka magotini.

Kwetu bibi harusi hasemi njiani. Kulia anaruhusiwa, tena akilia ni vizuri, lakini neno halimtoki mpaka mama mkwe amfunue na kumpa kitu mkononi. Sauti yake ikisikika kabla ya hapo, atasimangwa nayo mpaka ana wajukuu. Shangazi ndiye aliyekuwa mlinzi wa jambo hilo. Alikuwa ameweka mkono juu ya paja langu, na kila nilipojitikisa alinifinya.

"Hora, mwana," alisema kwa Kiha, nyamaza mwanangu. "Mdomo uliponza kichwa."

Tulipoacha mji nyuma mvua ikaanza. Shangazi akapandisha vioo vyote vya nyuma ili kanga zisilowe. Dirisha la kaka lilibaki wazi, maana kioo chake kilivunjika zamani, na ishara za barabarani alizitoa kwa mkono. Tukaenda tukinguruma. Watu walitoka majumbani kututazama, hayo niliyajua kwa vigelegele vyao. Wifi alikuwa akiimba, ana sauti nzuri, na mimi chini ya kanga nilikuwa nikitabasamu.

Tulipofika Makere kichwa kikaanza kunigonga. Mwanzo nikadhani ni njaa. Halafu ndani ya kanga nikasikia harufu ile ya moshi niliyoizoea wiki nzima nikiwa chini ya gari. Nikataka kusema. Nikajitikisa, nikafinywa. Nikatoa mlio wa kooni, shangazi akanipapasa mgongo akimwambia wifi kwamba sasa ndiyo ninalia, afadhali, alikuwa ameanza kuona aibu kwamba silii.

Hasira niliyoipata siwezi kuieleza. Lakini nilikuwa na shaka pia. Nilikuwa nimeambiwa na wakubwa wote kwamba bibi harusi huumwa kichwa, hutapika, huhisi anakufa, na kwamba hayo ni ya kawaida na hupita. Sasa nitajuaje ni moshi au ni harusi? Nikijifunua nikakuta ni woga wangu tu, nimejiaibisha mbele ya wifi, naye ndiye atakayepeleka habari kwa mama yake. Nikaamua kuvumilia mpaka daraja la Malagarasi. Nikainama mbele kwa kichefuchefu, kichwa nyuma ya kiti cha kaka, na hapo nikapata upepo kidogo kutoka dirishani kwake.

Kutoka pale nilipoinama niliweza kuona chini. Niliona miguu yetu sita na mkeka. Mkeka ulikuwa unapumua. Ulikuwa unainuka na kushuka, na pembeni mwake kulikuwa na kitu cha rangi ya majivu kinachopanda taratibu kwenye miguu ya wifi.

Wifi alikuwa haimbi tena. Tangu lini, sikujua. Nikajitikisa kwa makusudi, kwa nguvu, nifinywe. Sikufinywa. Mkono wa shangazi uliteleza kutoka pajani kwangu, ukaanguka kitini, ukakaa pale kiganja juu.

Nikazitupa kanga. Shangazi alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Wifi alikuwa ameniegemea, na mimi muda wote nilidhani ni usingizi.

"Kaka!"

Hakusikia. Nani angesikia ndani ya kelele ile? Niliita mpaka koo likauma, naye anaendesha huku anapiga mluzi, mkono mmoja nje dirishani. Nikavua kiatu changu cha harusi nikampiga nacho kisogoni.

Gari likayumba mpaka ukingo wa mtaro. Akageuka, akaniona kichwa wazi, macho yamenitoka, kiatu mkononi. "Umepagawa?" akafoka. "Jifunike! Watu watakuona!"

"Wanakufa! Simama!"

Tukawaburuta nje kwenye majani, mvuani. Shangazi hakukawia. Alitapika, akakohoa, akashika kichwa na kulia kama mtoto. Wifi hakutikisika. Nilimpiga makofi, nikamwita, nikamkalisha, akalegea mikononi mwangu. Kaka alikuwa amesimama tu, maji yanamtiririka usoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Wazazi wake walikuwa wamemtuma binti yao akalete bibi harusi, na sasa bibi harusi angefika na maiti ya binti yao.

Halafu akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi mbaya, yenye mkwaruzo, lakini ikafuatwa na nyingine. Baada ya muda akafungua macho akaniuliza kama tumefika.

Kaka akachuchumaa, akaficha uso. Alipoinua kichwa alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyenusurika kuua.

"Ulianza kuusikia wapi huo moshi?"

"Makere."

"Makere! Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa bibi harusi, kaka."

Kaka akaenda kuziba tundu la sakafu kwa sanduku langu la bati, akashusha vioo vyote. Hakukuwa na gari lingine la kutuchukua, wala hatukuweza kurudi, Kibondo walikuwa wakitungoja. Shangazi akaokota kanga matopeni, akazikamua, akaniwekea kichwani. Ningekataa, lakini nilimhurumia, nikamwacha anifunike.

Ila kunyamaza sikunyamaza. Kwenye kona ya kwanza tu nikapaza sauti, "Masenge?" Ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. "Abee," akaitika. "Wifi?" "Abee." Tukaenda kidogo, nikawaita tena. Kimya kikizidi, moyo unaruka, naita. Shangazi hakunifinya hata mara moja. Wifi alikuwa akijibu kwa sauti ndogo, mara nyingine baada ya kusubiriwa, na kila aliposubiriwa nilimshika mkono nikauminya mpaka ajibu. Tulilowa chapachapa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Kibondo. Walitusikia kutoka mbali, kama kaka alivyotaka, na tulipofika uani vigelegele vilikuwa vimekwisha kuanza. Kaka akazima injini. Wifi alikuwa ameniegemea begani, mzito, hasemi. Nilisikia miguu ya wanawake ikija, na mlango ukifunguliwa, na mtu akisema huyo ni mama mkwe wako.

"Wifi?" nikasema chini ya kanga, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Vigelegele vikakatika. Ua wote ukanyamaza, na mimi nikangoja, nikamwita mara ya pili.

"Abee, wifi," akasema. "Nipo."