Mtajua, Binti wa Wasemeje

Juzi basi letu liliposimama Dumila, na wauza nyanya na mayai ya kuchemsha wakajazana madirishani, nilisikia njuga. Ilikuwa njuga hasa, ile ya chuma chembamba inayolia kwa uvivu shingoni mwa mnyama anayetembea. Niliruka kwenye kiti kama mtu aliyechomwa na mwiba. Kumbe ni mbuzi wa abiria, anasukumwa kwenye buti huku amegoma katakata. Dada niliyekaa naye akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia hapana, nikakaa, nikasimama tena, nikakaa. Mtu mzima mimi, nina wajukuu wawili, na njuga bado inanitoa jasho.

Ngoja niwaambie kwa nini, maana nyie ni watu wangu na nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi jirani na Munisagara, ng'ambo ya reli, nyumbani kwa kina mama. Hapo mnielewe vizuri: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba alikuja na gengi la reli, mtu wa Tabora, akamwoa mama, akapewa kiwanja na kipande cha shamba. Alikuwa mcheshi na mchapakazi, na watu wote walimpenda, mradi asitoe ushauri. Tatizo ni kwamba ushauri ndio kitu alichopenda kutoa kuliko vyote.

Mjomba Yona, kaka yake mama, alikuwa mwindaji. Mbwa wake walikuwa wadogo, wekundu, masikio wima, mbavu unazihesabu, na hawakubweka kabisa. Walimfuata nguruwe pori kimyakimya, ndiyo maana walifungwa njuga, watu wajue wako wapi ndani ya matete. Nguruwe alikuja kushtuka amekwishazungukwa. Na mjomba aliwahesabu mbwa hao kama alivyotuhesabu sisi, kwa mama zao. Jioni akiwakagua miguu kutafuta miiba alikuwa akisema kwa sauti, "Wasemeje binti Sitaki, binti Tutaona, binti wa yule aliyeshuka na bibi yenu kutoka Vidunda." Dume hakutajwa. Lakini msidhani hakujali madume, thubutu! Jike akikaribia kutaka dume, mjomba alimfungia kwenye jiko la zamani, akapanda milimani kwa miguu kumchukua mume wa damu ileile kwa ndugu zake.

Mwaka huo nguruwe walitutia adabu. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na kila tukiamka tulikuta mistari miwili mitatu imelazwa chini, magunzi yametafunwa. Baba akasema mbwa wa mjomba ni wadogo mno, wamezaana wenyewe kwa wenyewe mpaka wamekuwa kama paka. Alimjua mlinzi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa na dume mkubwa, kifua kama mlango, jina lake Bosi. Achanganywe huyo na Wasemeje, alisema, mtaona mbwa.

"Huyo ni mbwa wa getini," mjomba akamjibu. "Atabweka mpaka nguruwe wahamie Mikumi."

"Si ndiyo tunachotaka, shemeji?"

"Halafu kesho yake warudi, wewe ukiwa umelala."

Walibishana hivyo wiki nzima, na mama alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria ili asiwasikie. Nami nilikuwa sishikiki, natoka naingia, nampenda baba, namwogopa mjomba. Maana jambo lenyewe halikuwa dogo. Wasemeje alikuwa amezeeka. Mabinti zake wote walikufa kwa ugonjwa masika moja. Uzao huo ungekuwa wake wa mwisho, na kama asingeacha jike wa kuwinda, basi, wale mbwa walioshuka na bibi wangekwisha.

Mjomba akamfungia Wasemeje, akapanda Vidunda kutafuta dume. Huko akakuta msiba, na msibani huwezi kufika ukasema umefuata mbwa. Akakaa. Baba alisubiri siku mbili. Siku ya tatu akaja na Bosi amemfunga kamba, akafungua mlango wa jiko la zamani mchana kweupe, akakaa nje anapiga mluzi. Mjomba aliporudi na kidume chake chekundu, kimechoka, kinachechemea, kazi ilikuwa imekwisha.

Jamani, ugomvi ule! Mjomba hakumpiga baba. Alisema tu kwamba watoto watapimwa kama mbwa wote wa nyumba ile, na atakayelia haishi hapo. Kipimo chenyewe kilikuwa hivi: mtoto wa mbwa akishafikisha wiki sita, mjomba humshika ngozi ya shingo, humwinua juu, na kumwacha akining'inia. Anayenyamaza ni mwindaji. Anayelia hupewa watu wa kulinda kuku. Ila safari hii mjomba alisema wanaolia wataingia kwenye gunia, na gunia litaingia mto Mkondoa.

Baba naye akaja juu. "Wakilia wote nafunga mzigo narudi Tabora," alisema. "Mtoto abaki na wenyewe." Mtoto ni mimi. Sikula siku hiyo.

Wasemeje akazaa watano, madume wanne na jike mmoja. Nikamwita jike Mtajua, moyoni tu. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda mtoni kuchota maji, nikawa naingia jiko la zamani, kwenye harufu ile ya majivu, maziwa na mkojo wa mbwa wadogo, harufu ambayo ukiniwekea leo nitalia. Namshika Mtajua shingo, namwinua. Siku ya kwanza alipiga kelele nikadhani kijiji kizima kimesikia. Nikamtia mdomoni kidole chenye mchuzi wa dagaa. Akanyamaza. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Baada ya wiki mbili nilimwinua bila mchuzi na hakulia. Baada ya tatu akawa ananifurahia.

Siku ya kipimo ilifika, tukasimama wote uani. Wale madume wanne walilia hata kabla mkono haujawashika vizuri. Baba alikuwa anatazama reli. Kisha mjomba akamwinua Mtajua, naye akanyamaza kimya, miguu inaning'inia, mkia unakwenda huku na huku. Mjomba akamshika muda mrefu mno. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akamtazama baba, akamweka chini.

"Huyu abaki," akasema, akaingia ndani.

Wale wanne baba aliwatia kwenye tenga akawakimbiza kwa walinzi wa mkonge, mjomba akiwa bado anatafuta gunia. Na Tabora hakwenda. Hadi anakufa, kila penye harusi au ubatizo alisimulia jinsi damu ya Bosi ilivyofaulu mtihani wa mwindaji mkubwa. Nilikuwa namsikiliza nikitazama miguu yangu.

Msimu uliofuata Mtajua alikuwa mbwa hasa, mwekundu kama mama yake, kifua cha baba yake. Nyumbani alikuwa mkimya. Mjomba akamfunga njuga akamtoa pamoja na Wasemeje kulifuata dume la nguruwe lililojificha kwenye matete ya Mkondoa. Sisi wanawake na watoto tulisimama pembeni mwa shamba na madebe yetu, tayari kulizuia lisirudi kwenye mahindi. Nilisikia njuga mbili, moja huku, moja kule, zikikaribiana taratibu. Halafu Mtajua akabweka.

Alibweka kwa furaha kabisa, kama anavyobweka mbwa wa getini mwenye nyumba akirudi kutoka kazini. Nguruwe aligeuka. Na Wasemeje, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwakuta nguruwe wakiwa wamempa mgongo, alikuwa hapo hapo alipogeukia nguruwe. Njuga moja ikanyamaza.

Mjomba alitoka kwenye matete amembeba kama mtoto mchanga, kanzu yake ya kazi imelowa kifuani. Wasemeje hakufika nyumbani. Walimzika nyuma ya jiko la zamani, na jioni mjomba akamvua Mtajua njuga yake mpya, akamvalisha ya mama yake. Akamkagua miguu. "Mtajua binti Wasemeje," akaanza, kisha akarudia kukagua mguu uleule. Nilikimbilia chooni nikajifungia. Nilijua mimi ndiye niliyemuua Wasemeje, kwa mchuzi wa dagaa.

Sikumwambia mtu. Nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikazika wazazi. Kila nikienda kumsalimu mjomba nilikuwa napata sababu ya kuondoka mapema. Mke wake alidhani nina maringo ya mjini.

Lakini juzi, baada ya yule mbuzi wa Dumila, nilisema potelea mbali. Nilimkuta mjomba uani anapukuchua mahindi, macho yamefifia, mikono ileile. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mpwa wangu." Nikamwaga yote hata chai haijaletwa, nimesimama, mkoba uko begani.

Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi kwanza. "Alitikisa mkia," akasema. "Nimepima mbwa tangu sijaota ndevu. Wapo wanaolia na wapo wanaonyamaza. Aliyetikisa mkia nilimwona huyo mmoja."

Kumbe alijua! Miaka yote hiyo! Nilimuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini basi alisema abaki.

"Alikuwa jike, na mwingine sikuwa naye. Halafu wewe ulikuwa umeng'ang'ania shati la baba yako." Akachukua gunzi jingine. "Nilijua iko siku atabweka. Nikampeleka hivyohivyo. Wasemeje nilimuua mimi. Nikadhani umelijua hilo, ndiyo maana hukai kwangu."

Nilikaa chini, pale pale kwenye magunzi. Nilikuwa nimemkimbia mtu huyu maisha yangu yote nikidhani ananidai mbwa wake, kumbe naye kila nikiaga mapema alidhani nimejua, na siwezi kumtazama. Nikalia kwa sauti, bila aibu. Kwa kelele zangu mbwa mmoja akachomoka nyuma ya jiko, mwekundu, kifua kipana, njuga ileile imelika mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi, akanibwekea kama mwizi.

"Nyamaza wewe," mjomba akamwambia. "Huyu ni wa kwetu."