Josias, Mlisha Panya

Josias Kabongo alijifunza kukaa ndani ya beseni, kando ya mto ambamo wanawake wa Kolwezi huosha mawe ya shaba na kobalti. Mama yake, Huguette, aliingia mtoni na mimba yake, akajifungua, na kabla hajapata nguvu vizuri akarudi majini na kichanga mgongoni. Hakuwa mzembe. Mumewe alikuwa amefukiwa shimoni, na mkono mtupu haulambwi.

Alipokuwa mtu mzima, Josias alipata kazi isiyo ya shimo. Chuo kimoja mjini kilifungua chumba cha panya weupe wa utafiti, naye akaajiriwa kuwalisha na kuwasafishia vizimba. Marafiki zake wachimbaji walimcheka: panya watu wanawatega, yeye anawatandikia. Hakujali. Alikuwa na mke, Chancelle, binti wa mji wa Kasaji, mwenye sauti ya chini na mkono mzuri wa kusonga bukari, ugali wa kwao. Kilichokosekana nyumbani kilikuwa kilio cha mtoto.

Miaka ilipozidi kupita, Mama Huguette akaanza maneno. Mwanzoni aliwarushia kuku wake, eti asiyetaga analiwa. Baadaye akaacha kuzunguka. "Bibi yako hana na kizazi," alimwambia Josias kuhusu mkewe, Chancelle akisikia jikoni. "Umurudishe kwabo."

Josias alijua ukweli. Alikuwa amepimwa hospitalini, akaambiwa kwamba mbegu zake karibu hazipo. Chancelle alipoelezwa, alisema, "Baache baniseme mi. Mwanaume akisemwa hivi, anakwisha." Josias akakubali kufichwa mgongoni kwa mkewe, na kila siku akamsikiliza akitukanwa kwa ajili yake.

Kazini, wakati huo, Dokta Laure Mbuyi alikuwa akiwanywesha baadhi ya panya majike maji yenye kobalti, tangu wapate mimba hadi waachishe kunyonyesha. Wengine walipewa maji safi. Watoto wao wote, baada ya kuachishwa, walikunywa maji safi. Walikua vizuri, manyoya yanang'aa; Josias hakuweza kuwatofautisha. Tofauti ilionekana walipopasuliwa, yeye akishika sinia. Korodani za waliozaliwa na mama wa maji safi zilikuwa zimejaa. Za wale, waliotoka kwa mama wa kobalti, zilikuwa zimedumaa, ndogo na laini kama maharage yaliyooza.

"Lakini hawa nilibapa mayi safi mi mwenyewe," Josias alisema.

"Uliwapa, tata Josias," Dokta Laure alijibu, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima. "Lakini viungo hivi hujengwa tumboni na wakati wa kunyonya. Sumu ikipita wakati ule, inaharibu msingi. Wale tuliowapa kobalti wakiwa wakubwa walipata nafuu tulipobadilisha maji. Hawa tumewangoja. Hawakupona."

"Na mutu?"

Dokta Laure aliweka mkasi chini. "Panya si mtu. Siwezi kukuambia ni vile vile." Kisha akamtazama. "Wewe ulizaliwa wapi?"

Josias akajifanya anaosha sinia.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake uani, amezifunga nguo za Chancelle katika kitenge. Chancelle alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani.

"Mama, weka ile bitu chini," Josias alisema. "Si Chancelle. Ni mi. Balinipima hopitali."

"Nani amekuloga?"

"Hakuna mutu."

"Kama si mutu, ni nini? Ulitoka mu tumbo yangu muzima."

Jibu lilikuwa mdomoni mwake. Akaitazama mikono ya mama yake, kucha zilizoliwa na miaka ya majini, akalimeza. "Sijue, mama."

Lakini Huguette hakuwa mjinga. Mara nyingi, wakila, Josias alikuwa amesimulia habari za panya na maji yao. Mama akaketi chini taratibu.

"Ni mayi ya mutoni?"

Josias akainama kufungua kile kitenge cha nguo, asithubutu kumtazama, na mama yake akaelewa.

Matusi yalikoma siku ile, ila amani haikuja. Huguette aliacha kula sahani moja na mwanawe. Kanisani, walipoanza kuombea wasio na watoto, alitoka nje. Habari kwamba tasa ni Josias zikafika Kasaji, na wajomba wa Chancelle wakaja kumchukua. Josias alimwomba mkewe kwa faragha abaki.

"Ningebaki kama ungenyamaza," Chancelle alisema. "Matusi niliweza kubeba. Sasa kila mutu ananiuliza ninangojea nini, na mi sina jibu."

Akapanda pikipiki nyuma ya mjomba wake, bila kulia. Mwaka uliofuata Josias alisikia kwamba ameolewa tena na ana mtoto.

Dokta Laure alijaribu dawa kwa panya wengine waliozaliwa vile vile. Josias aliwapa kwa mkono wake, asubuhi na jioni, akiwatunza kuliko wote aliowahi kuwatunza. Walipopasuliwa, korodani zao zilikuwa ndogo vile vile.

Siku moja Huguette alirudi mtoni kuwaonya wanawake wenye mimba. Walimsikiliza kwa heshima, wakiwa wamesimama ndani ya maji. "Asante, mama," mmoja akamwambia. "Na kesho tutakula nini?" Huguette akaitazama mikono yao ndani ya maji. Kisha akarudi nyumbani, na hakwenda tena.