Siku niliyopiga drums mpaka afande akae, na wakwe wananingoja Busia

Heshima kwenu wakuu, na shikamoo kwa wale wa rika langu tuliobaki humu.

Nina kisa changu na ni cha kweli. Shahidi yupo hai, ninaishi naye nyumba moja, na nikikosea hata neno atanisahihisha bila kuombwa.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mpiga drums wa bendi ya rock pale Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, wakati jeshi ndilo lilikuwa serikali kwetu.

Ndiyo, rock. Vijana chekeni, mkimaliza tuendelee.

Tulikuwa watatu. Othieno ndiye band leader, gitaa na sauti, mzee mwenye wajukuu na goti bovu, alianza kupiga kabla ya uhuru. Wandera, Msamia wa Masaba, alikuwa kwenye besi. Mimi nilikaa nyuma. Tulipiga arusi, baa, sherehe za ubatizo, popote penye umeme na chakula.

Nyuzi za gitaa ziliadimika pamoja na sukari na sabuni, kwa hiyo Wandera alifunga waya za breki ya baiskeli. Ngoma zangu nilizivika ngozi ya mbuzi. Mvua ikinyesha zililegea na kunuka mchuzi wa jana. Na kwa kuwa afande mmoja aliwahi kusema nywele ndefu ni uhuni, tulikuwa bendi ya rock yenye vipara vitatu.

Sasa shikeni jambo moja. Kwetu, wimbo ulifungwa na drums. Othieno masikio yalishaliwa na amplifaya, asingejua mwisho uko wapi. Nikigonga zile sahani za shaba mara tatu kwa nguvu, pa, pa, pa, wimbo umekwisha.

Isipokuwa mbele ya wanajeshi.

Mbele ya wanajeshi sheria ilikuwa moja: hufungi wimbo afande akiwa bado anacheza. Unangoja akae. Nani alitunga sheria hiyo? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Kipindi kile mtu aliitwa kwa "maswali kidogo tu", kiti chake kikabaki kitupu mwaka mzima. Sisi tulipenda viti vyetu.

Nirudi kwangu. Nilikuwa nimempenda Nabwire, binti wa Mzee Wanyama, upande wa Kenya, Busia. Kujitambulisha kwa wakwe nilishashindwa mara mbili. Mara ya kwanza tulizuiliwa na road block. Mara ya pili lori nililopanda lilichukuliwa na jeshi pamoja na mihogo yake.

Mzee Wanyama akanitumia salamu kupitia mama mmoja wa magendo ya mafuta ya taa: "Mwambie huyo mpiga makopo, Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Kuna karani wa reli anamtaka Nabwire, na yeye hufika kwa ratiba."

Wakuu, sikulala vizuri wiki hiyo.

Basi Jumamosi yenyewe tukaitwa kupiga kwenye sherehe ya Kapteni mmoja aliyepandishwa cheo. Huwezi kukataa. Lakini ilikuwa mchana, nikahesabu: tunapiga, tunakula, napanda gari la Busia, navuka kabla mpaka haujafungwa jioni. Nikavaa kabisa suti yangu ya kuposea, nikakaa nayo nyuma ya drums.

Mambo yalienda vizuri mpaka wimbo wa mwisho. Kapteni akainuka kucheza.

Afande akiinuka, nani anakaa? Ukumbi mzima ukainuka. Wazee wa mji, wake zao, mama mzazi wa Kapteni na mkongojo wake. Mhudumu alicheza na trei ya soda mkononi. Mpishi alichezea mlangoni huku mbuzi wake akiungua nyuma.

Kapteni hakukaa.

Tukarudia ubeti. Tukarudia tena. Othieno aliishiwa maneno akaanza kuimba majina ya stesheni za reli. Jua lilikuwa linashuka upande wa ule mwamba wetu wa Tororo, na mimi akilini nawaona wakwe wakitazama barabara.

Halafu umeme ukakatika.

Nikasema moyoni, Mungu wa wapiga drums yupo! Gitaa likafa, besi ikafa. Othieno na Wandera wakateremsha vyombo vyao taratibu, nyuso zimejaa huzuni ya uongo, wakajichotea soda.

Lakini drums hazili umeme, wakuu.

Kapteni alikuwa bado anatikisa mabega. Anacheza na mimi peke yangu. Nikiacha, mimi ndiye niliyeacha. Nilipiga huku jasho likinitiririka ndani ya suti, na sitaficha, machozi pia yalikuwemo.

Mwishowe Kapteni akacheza mpaka karibu yangu. Nikaona naye macho yamemtoka.

"Wewe kijana," akanong'ona, "namaliza saa ngapi?"

"Afande, mimi nangoja wewe nakaa."

"Mimi nakaa namna gani? Ngoma bado nalia! Unaona ile mtu ya miwani nyeusi?"

Nikachungulia. Kweli, katikati ya ukumbi kulikuwa na mwanamume wa miwani nyeusi, hakuna aliyemjua, anacheza bila kucheka.

"Ile nachunguza mimi," Kapteni akasema. "Kama nakaa mbele ya ngoma kwisha, kesho yeye nasema kapteni mupya amechoka kazi ya serikali. Maliza wewe!"

"Siwezi, afande. Hujakaa."

"Sikai. Hujamaliza."

Tukatazamana. Mtu mwenye bastola kiunoni na mtu mwenye vijiti viwili, wote tunangojana.

Nikamwambia ukweli. Kwamba leo naposa, wakwe wako Busia, na karani wa reli anangoja nikose. Akatikisa kichwa kwa uchungu kabisa, mabega bado yanacheza.

"Basi tunamaliza pamoja," akasema.

Nikamhesabia kwa macho. Pa, akakunja magoti. Pa, akashika kiti. Pa! Matako na sahani vikafika wakati mmoja, na mpaka leo hakuna anayejua nani alitangulia.

Ukumbi mzima ukaanguka kwenye viti. Yule wa miwani alikuwa wa kwanza kuvua viatu. Kumbe ni dereva wa lori la saruji, macho yanamuuma, alifuata harufu ya mbuzi tu. Alidhani Kapteni ndiye anayemchunguza yeye!

Kapteni alinipa Land Rover na askari wa kuniendesha. Tulipofika mpakani kizuizi kilikuwa kimeshashushwa. Askari akapiga honi mara moja, kikapanda chenyewe. Nikavuka kwa miguu, suti imelowa.

Nikamkuta Mzee Wanyama na wazee wake. Na karani wa reli, shati jeupe pe, ameketi kiti changu.

Nikaeleza yote. Karani akacheka, akasema hata uongo wa stesheni huwa na nauli, huu wangu haulipiwi hata senti.

Shangazi yake Nabwire, kwa huruma, akanipa chai. Hapo mikono ikanisaliti. Kikombe kilianza kugonga kisosi, ta-ta-ka-ta, ta-ta-ka-ta, mdundo uleule wa ukumbini. Sikuweza kuuzuia. Chai ikanimwagikia magotini na bado kikombe kinalia.

Mzee Wanyama alikisikiliza muda mrefu. Kisha akamgeukia karani.

"Wewe rudi reli, kijana. Huyu amezoea kutosimamisha kitu mpaka mkubwa aketi. Nabwire hatapata taabu naye."

Hivyo ndivyo nilivyooa, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba miaka ile tuliogopana wote, mkubwa kwa mdogo, na woga huo tukauita nidhamu. Laiti mmoja angeuliza mapema, mbuzi asingeungua.

Nanyi mliokuwepo enzi zile, tupeni yenu. Nani mwingine alicheza bila kutaka?

Ningefunga uzi hapa. Ila Nabwire anasoma nyuma ya bega langu, na bado hajakaa.