Kwenda Beni Kuinua Pua ya Pikapu

Niliondoka Butembo kwenda Beni kwa sababu ya vidole vinne. Pua ya pikapu yetu ilikuwa imeshuka kiasi hicho upande wa kushoto, na kulia vitatu na nusu. Nilipima mara mbili, mara ya pili kwa vidole vya mtu mwingine, maana vyangu ni vinene na vingeweza kunipunja.

Ilikuwa miaka ya vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi. Pikapu ilikuwa yangu na ya dada yangu mkubwa, Kavira, nusu kwa nusu, na nyumba mbili zilikula kwa magurudumu yake: maharagwe na viazi kutoka vijiji vya Lubero kwenda Beni, chumvi kutoka Beni kurudi Butembo. Springi za mbele zilipochoka, tairi zikaanza kusugua bodi kwenye kila shimo, na barabara yetu, mnaijua, ni mashimo yanayoachiana nafasi kidogo. Bila kuinua pua tungeacha kubeba. Lakini gari zuri nalo lilikuwa na hatari yake. Jirani yetu alipaka lake rangi mpya, na wiki iliyofuata askari wakaliomba kwa siku mbili. Hakuliona tena.

Jumapili, baada ya misa, tuliipima pikapu katika uwanja wa parokia, kwa kuwa Butembo ni vilima vitupu na gari lolote utakaloegesha mjini litaonekana limeinama. Padiri alituruhusu tukae hapo hadi mchana. Kosa langu lilikuwa kupima mbele ya waumini. Kila aliyetoka kanisani alikuwa fundi.

Kasereka, mchomeleaji wa mtaa wetu, alitaka kubadilisha jumelle, vile vishikizo vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi.

"Tunaweka ndefu, Katembo. Saa moja tu, inasimama."

"Na usukani?"

"Usukani itazoea."

Mzee Mbusa, mhunzi wa majembe, alitaka springi yenyewe. Springi za pikapu yetu ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila chuma tunakiita lame. "Lete lame, nitazitia moto, nitazipiga, zitarudia kujikunja sawa upinde."

"Zitakaa muda gani?"

"Paka zichoke tena," akasema: mpaka hapo, si zaidi. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Yaya Kavira, maana dada mkubwa kwetu ni yaya, alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu vya misa mkononi. "Weye unapima vidole, miye ninapima tumbo ya batoto. Chagua moja tuende."

Sikuchagua. Nilikuwa nimesikia kwamba Beni kuna fundi mwenye lundo la springi za magari yaliyokufa, na mimi sinunui kitu mpaka nione kile cha tatu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulitoka na magunia sita ya maharagwe. Nilisema sita, Yaya akasema hesabu tena, yakawa sita. Kupita Maboya ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Kwenye mteremko wa Kabasha tairi la kushoto lilisugua bodi mara nyingi mpaka tukanusa mpira, na Yaya akafungua dirisha.

Chini ya mteremko palikuwa na bariyeri: mti mmoja juu ya madumu mawili, na askari wawili wenye usingizi. Mmoja alitazama pua yetu. "Gari yenu inapiga magoti, iko na zambi gani?" Tukacheka, tukawaachia sigara, tukapita.

Saa tano tulikuwa Beni, na makoti tukayavua. Karakana ya Papa Muhindo iko nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Alikuwa mtu mfupi, mweusi wa grisi hadi viwiko, na alitusalimu kwa Kinande huku akiwa bado chini ya lori: "Wavukire!" Ilikuwa karibu mchana, lakini chini ya lori ni asubuhi siku zote.

Nilimweleza habari ya jumelle ndefu. Akatoka kunitazama vizuri.

"Unapenda kushuka Kabasha na usukani yenye kujitafutia njia?"

"Hapana."

"Na moto ya muhunzi?"

"Anasema zitachoka."

"Huyo ni mutu ya kweli. Sikia: naongeza lame moja moja kila upande. Mais lakini hapana mbili. Ukiweka mbili utakuwa unaendesha jiwe, na mugongo ya mama huyu itanilaani."

"Itakulaani mapema," akasema Yaya, "kama hutuambii bei."

Alitaka magunia mawili ya maharagwe. Nikataja nusu gunia. Akasema nusu ni matusi. Nikamwambia matusi yangeanza kwenye robo. Tulikutana kwenye gunia moja na kuku, kisha Yaya akauliza kuku huyo anatoka wapi, kwa sababu sisi hatukuja na kuku. Likabaki gunia moja.

Nilihesabu lame alizochagua: mbili. Nikazihesabu tena, polepole, nikipitisha ukucha: bado mbili, lakini moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele karibu na tundu la katikati.

"Macho yako ni ya polisi," akasema Papa Muhindo.

"Ni ya maharagwe, papa. Nimezoea kutafuta bidudu."

Akabadilisha bila kukasirika. Saa kumi jioni pikapu ilisimama kwenye sakafu ya saruji ya ghala, nasi tukapima: mbele na nyuma sawa. Papa Muhindo aliizunguka, akafuta mikono, akaacha kutabasamu. "Sasa iko muzuri. Na hiyo njo shida. Batu ya bunduki wanapenda gari yenye kusimama hivi. Pakeni matope."

Tulilala kwa binamu yetu. Jumanne asubuhi tuliuza maharagwe yaliyobaki, tukapakia chumvi, tukaipaka pikapu matope kutoka taa hadi milango. Tulifanya kazi nzuri, lakini matope hayapunguzi kimo cha gari.

Saa nne kasoro robo tulifika bariyeri ya Kabasha. Wale wa usingizi hawakuwepo. Palikuwa na askari saba na komanda wao, mtu mrefu aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala. Aliizunguka pikapu mara moja, akainama kutazama magurudumu ya mbele.

"Mbote, papa. Gari hii tunaomba siku mbili. Opération."

Mikono yangu ilibaki kwenye usukani. Yaya ndiye aliyejibu. "Jirani yetu aliombwa siku mbili, chef. Tangu ile wakati bado hatuyamaliza kuzihesabu."

"Mama, ninazungumuza na bwana yako."

"Hapana bwana yangu. Ni leki yangu, mudogo yangu. Na nusu ya gari ni yangu. Unaomba nusu gani?"

Askari wawili walicheka. Komanda hakucheka, lakini hakukasirika pia, na hapo nikapata nafasi ya kuangalia nyuma yake. Kando ya barabara ilisimama pikapu nyingine, ya aina moja na yetu kabisa, imeegemea upande wa kushoto, na kipande cha gogo kimekandamizwa kati ya ekseli na chesisi.

"Chef, ile ni yako?"

"Ni yangu. Imekufa."

"Niruhusu niione."

Nililala chini yake. Nilihesabu lame za kushoto: tano. Nikahesabu tena kwa kugusa: nne nzima, na moja imevunjika katikati. Upande wa kulia zilikuwa nzima zote. Nikatoka, nikapangusa magoti.

"Haikukufa. Lame moja tu imevunjika. Yangu itaingia pale."

"Kwa nini nitafute lame, na gari muzima iko hapa?"

Hapa ndipo nilipofanya biashara ngumu kuliko zote maishani mwangu. Nilisogea karibu ili askari wake wasisikie. "Chef, ukichukua yangu, jioni itakuwa Beni. Mukubwa wako ataiona imesimama vizuri. Kesho itakuwa yake, na weye utarudia hapa kwa miguu. Mais ile yako, nani anaitaka? Tukiitengeneza kimya, itabakia yako."

Akaangalia barabara ya Beni, kana kwamba mkubwa wake angeweza kutokea hapo hapo.

"Weye ni mutu gani?"

"Muuza maharagwe, chef."

"Leta zote mbili, basi. Kushoto na kuume."

"Kuume yako iko muzima. Nikiongeza pale, gari itainuka, itakuwa muzuri. Muzuri sana." Nikaonyesha barabara ya Beni kwa kidevu. "Unapenda iwe muzuri sana?"

"Non," akasema. "Hapana muzuri sana."

Ikawa lame moja. Tulikuwa na jeki moja, kwa hiyo askari waliinua pikapu yao kwa mti ule ule wa bariyeri, na kwa muda barabara ya Beni ikawa wazi kwa mtu yeyote. Wapita njia walipita haraka bila kuuliza. Nilifungua springi yangu ya kushoto, nikatoa lame ya Papa Muhindo, nikafunga. Nikafungua ya komanda, nikatoa iliyovunjika, nikaingiza yangu, nikafunga. Nilihesabu nati zangu zote na zote zilikuwepo. Nilihesabu tena, moja ikawa mfukoni mwa askari, akairudisha akisema alikuwa akinitunzia. Saa tisa komanda aliwasha gari lake, akazunguka, akarudi na meno nje.

"Malamu! Endeni, endeni."

Sasa yangu ndiyo ilikuwa imeinama: kulia juu, kushoto chini. Ningeweza kutoa na lame ya kulia ili pande zilingane, lakini sikutaka kufungua mbele ya macho yale kitu nilichobaki nacho. Tukapanda Kabasha hivyo hivyo, Yaya akiteleza kwenye kiti na kuniangukia begani kila kona.

"Ulienda Beni kuinua pua," akasema, "unarudi umeinua bega moja."

Saa kumi na moja na nusu tuliingia Butembo. Kasereka alitoka kibandani kwake na miwani ya kuchomelea kichwani. "Katembo! Ulienda paka Beni kununua kilema?"

"Nusu bei," nikamjibu, kisha nikamweleza yote.

Kuhusu gari, tuliyosema uwanja wa parokia na karakana ya Beni yalikuwa na maana: jumelle ndefu inaharibu usukani, moto unachosha chuma, lame ya nyongeza ndiyo dawa. Nilichojifunza ni kwamba tulipima gari tu, hatukupima watu waliosimama njiani kulitazama. Kwa hiyo hatukuisawazisha. Tairi za kushoto zililika haraka kuliko za kulia, na Yaya akazoea kusafiri akishikilia mlango. Mpaka vita vilipotulia, maafisa walioizunguka pikapu ile wakaiacha nimewahesabu kumi na mmoja. Yaya anasema ni kumi na wawili, kwa sababu wa mwisho alipanda kabisa, akakaa upande wa kulia, tukaenda hatua mia moja akiniangukia begani, akashuka mwenyewe.