Betri Inayowahi Kuisha

Juzi, kwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi ya Msamvu, bibi mmoja aliyeshuka kutoka milimani aliweka simu yake ya kitochi juu ya kaunta. Alitaka betri.

"Shikamoo bibi. Chukua hii, na hii chaja ya sola uianike nyumbani," muuzaji akamshauri. "Hutahangaika tena kupeleka simu dukani kuchaji."

Bibi akaisukuma ile chaja taratibu, kwa kidole kimoja. "Marahaba. Hakuna betri inayowahi kuisha?"

Muuzaji akacheka. "Wenzako wote wanataka inayodumu!"

"Mjukuu wangu, kule kwetu ukipeleka simu kuchaji, unakaa kwenye benchi mpaka ijae. Hapo ndipo ninapoongea na watu. Nyumbani nimebaki na kuku tu."

Akachukua betri yenye uwezo mdogo kuliko zote, akaaga.

Mimi nilikuwa nimeshika pawa benki kubwa, ile ya kukaa na chaji siku nyingi, najiona mjanja. Nikamkumbuka jirani yangu aliyekuwa akinigongea kila jioni kuazima chaja. Alishanunua ya kwake. Tangu hapo, anayegusa mlango wangu ni mimi mwenyewe, mwenye funguo.