Zamu ya Jirani

Kabla ya vita, mimi na jirani yangu wa bondeni tuligombana kila kiangazi. Mfereji ulikuwa mmoja, mwembamba, na uligawanyika penye mpaka wa madimba yetu, yaani bustani zetu za kiangazi. Asubuhi maji yalikuwa yangu. Jua likifika utosini naziba upande wangu kwa udongo na nyasi, yaende kwake. Nikichelewa kidogo tu, kelele.

"Ziba, mwanamke! Kwani mto umeuzaa wewe?"

Alikuwa na mdomo mwanamke yule, na mimi sikuwa bubu.

Vita vilipofika Songea, mumewe alipakwa maji ya dawa akaenda kupigana na Wadachi. Mume wangu aliwabebea Wadachi mizigo. Kwa hiyo askari walipopita wakichoma nyumba na maghala, yake iliteketea, yetu ikasazwa. Alikimbilia porini na watoto watatu.

Kiangazi kilichofuata njaa ilikaza. Nikaacha kuziba. Kisha nikavuka mpaka, nikapanda maboga na maharage mpaka mwisho wa dimba lake. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru. Nilijiambia amekufa, na kusema kweli ilinifaa awe amekufa. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyowaza, huku namwagilia.

Alirudi maboga yakianza kunenepa. Mumewe hakurudi. Alikuwa amekonda, na mgongoni ana mtoto mmoja tu. Nilishika jembe nikingoja matusi. Alilitazama dimba lake, lote kijani, akapiga magoti kwenye tope.

"Mlongo wangu," alisema. Ndivyo Wangoni tunavyomwita ndugu, naye hakuwahi kuniita hivyo. "Umenitunzia shamba. Na mimi nilivyokuwa nakusema vibaya!"

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Kilichotoka ni, "Karibu nyumbani."

Maboga yote ya upande wake nilimwachia, nikadhani roho itatulia. Wapi!

Kesho yake mchana, zamu ikiwa yake, niliona maji yanakuja kwangu. Nikamkuta ameinama, amezibua upande wangu, anaziba wake kwa mikono.

"Mbona mapema?" nikamuuliza.

"Yachukue, mlongo wangu. Wewe una watoto wengi."

Wangu walikuwa wanne, wote hai. Niliyaacha maji yaingie.